Bolti Niliyoificha Mfukoni

Hapana! Wewe uliyeandika hapa ati bolti haiwezi kuharibika kwa kukazwa, ati gari huharibika tu bolti ikilegea… hapo nakukatalia. Na ulimalizia na kicheko, ati fundi anayeogopa kukaza arudi nyumbani akaoshe vyombo. Soma hii mpaka mwisho, alafu ucheke.

Mimi nina miaka ishirini na sita. Ni fundi wa magari hapa Tuwan, Kitale. Shule ya ufundi sikuenda. Nilijifunza kwa macho, kwa kuchomeka mikono na kwa kutukanwa. Nina hasira ya haraka, hiyo sifichi, kila mtu Tuwan anajua. Lakini kitu kingine wanajua ni hii: rafiki yangu akiguzwa, nimeguzwa mimi.

Na rafiki nilikuwa naye. Simiyu.

Simiyu si rafiki ya kukutana nayo mtaani. Ni bakoki wangu. Kwa wale hawajui, sisi watu wa Bungoma vijana mkitahiriwa msimu mmoja mnakuwa bakoki mpaka kaburini. Mimi na Simiyu tulipakwa matope mto mmoja, asubuhi moja, na baridi ile bado naisikia kwa magoti. Bakoki wako anaweza kukutusi mbele ya watu na wewe unacheka tu. Anaweza kuingia kwako akule chakula yako na asiulizwe.

Sasa Simiyu alikuwa amepata msichana, Chepkemoi, wa watu wa mlimani. Kwao ni upande wa barabara ya Suam, mbele kidogo ya Kitale. Msichana ana akili, ana mdomo, na alimpenda huyu mtu wetu bila sababu ya maana! Siku ya wazee wa Simiyu kwenda kwao kuongea mahari ikapangwa, Jumamosi. Simiyu alikuwa na gari, Probox yake ya zamani. Mpango ulikuwa rahisi. Asubuhi mimi na yeye tunateremka Bungoma, tunachukua wazee watatu, tunawarudisha juu mpaka Suam road kabla ya saa sita.

Alhamisi akaniletea gari gereji. Akaniambia, "Bakoki, hii ndio safari ya maisha yangu. Iangalie kama yako."

Kama yangu? Niliiangalia kuliko yangu!

Nikabadilisha oili. Nikabadilisha plagi. Brek nikaziangalia mara mbili. Kila kitu sawa. Na hapo ndio niwaambie kuhusu ile tabia yetu ya gereji, kwa sababu shida yote ilitokea hapo.

Kwetu gari ya mtu wetu ikienda safari kubwa haitoki mpaka kila fundi "aweke mkono". Ni kama baraka. Kila mtu anakuja, anakaza kitu kimoja, anasema maneno mazuri kidogo, alafu gari inaenda. Gari ya mteja wa kawaida hatufanyii hivyo. Mteja wa kawaida anakaziwa bolti mara moja, imetosha, shika ufunguo, kwaheri. Ni gari ya mtu tunayempenda peke yake.

Mnaona hiyo shida iko wapi? Mimi sikuiona miaka saba!

Siku hiyo kila kitu kilikuwa kimefungwa. Kilichobaki karibu na mkono ilikuwa ile bolti ya chini ya injini, ya kumwaga oili. Nilikuwa nimeshaifunga. Mwenzangu wa kwanza akaingia chini ya gari akavuta. "Simiyu, Mungu akupe watoto kumi!" Wa pili akaingia akavuta. "Mahari isiwe ng'ombe wengi!" Wa tatu, huyo ni mtu mnene, akavuta mpaka gari ikatikisika, na watu wakapiga makofi. "Usirudi bila bibi!"

Alafu wakaniangalia mimi. Bakoki mwenyewe.

Sasa mimi ningevuta kidogo kuliko yule mnene? Mimi? Nikachukua paipu yetu, ile tunachomeka kwa mkono wa spana iwe ndefu ili nguvu iongezeke. Nikalala chini. Watu wakaanza kuimba, "Kaza! Kaza! Asiachwe njiani!" Na Simiyu alikuwa amechuchumaa hapo kando, anacheka, meno yote nje, furaha imemjaa… Nikakaza.

Bolti ikalia. Kwii!

Nikakaza tena.

Na hapo… hapo mkono wangu ukasikia kitu. Ile ugumu ikaisha. Spana ikaenda laini, kama unakata mkate. Haikuzunguka sana, ni kama upana wa kidole kimoja tu hivi. Lakini mkono wa fundi unajua! Bolti ni ya chuma, na ile bakuli ya oili inayoshikilia hiyo bolti ni ya aluminiamu, laini. Nilikuwa nimeng'oa thredi, ile mistari ya ndani ya tundu ambayo inashika bolti.

Nilijua. Saa hiyo hiyo nilijua.

Nilikuwa nimelala kwa mgongo, uso wangu hauonekani. Sekunde mbili nilikuwa nazo za kusema, "Ngojeni, kuna kitu kimeharibika." Sekunde mbili! Lakini watu walikuwa wanashangilia. Na Simiyu anacheka. Na mimi ndio bingwa. Nikatoka chini ya gari, nikapangusa mikono, nikasema, "Hii haifunguki hata na Shetani."

Wakacheka. Simiyu akanikumbatia na overoli yangu chafu.

Mtu ataniuliza, si ungeitengeneza usiku huo? Si ungemwambia kando? Ndio. Ningeweza. Nilijiambia imeshika kidogo, itafika, Jumatatu nitaitoa polepole nitengeneze na yeye hatajua. Hivyo ndio mtu hujidanganya… anajipangia Jumatatu.

Ijumaa, Kiprop, kaka mkubwa wa Chepkemoi, akaiomba hiyo gari akachukue vitunguu Suam border za mapishi ya wageni. Simiyu akampa. Kiprop akaenda akarudi, akaosha gari mpaka ikameta, akarudisha ufunguo. Kumbukeni jina lake. Huyu mtu hakufanya kitu kibaya hata kimoja katika hii hadithi.

Jumamosi asubuhi nikafika kwa Simiyu. Yeye alikuwa ndani anatafuta tai. Nikachungulia chini ya gari. Kulikuwa na tone la oili chini. Tone moja, na lingine dogo kando.

Nikaweka kiatu juu. Nikafuta na mchanga.

Hiyo ilikuwa mara ya pili kunyamaza. Msinihurumie.

Tukateremka Bungoma vizuri. Kiminini, Kamukuywa, Webuye, wapi na wapi, gari inaimba. Nikaanza kujipa moyo. Tukachukua wazee: baba mdogo wa Simiyu, na mjomba wake, na mzee mwingine wa ukoo mwenye kofia ya manyoya hata kama ni jua. Wamevaa koti, wamenyoa, wananukia sabuni. Mjomba alikuwa na mzaha mingi, akaniambia mimi ndio nitafuata kuoa, kama kuna msichana atavumilia makelele yangu.

Tukarudi juu. Tumefika karibu na Kamukuywa, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilikuwa nimekaa mbele na Simiyu. Niliiona kabla yake. Nikafungua mdomo… na kabla sijasema, injini ikaanza kugonga. Ko-ko-ko-ko! Simiyu akakanyaga brek. Injini ikatoa sauti kama mfupa unavunjika. Ikanyamaza.

Nilishuka. Nyuma yetu barabarani kulikuwa na mstari mweusi wa oili, mrefu, unang'aa.

"Kijana," mjomba akasema kutoka dirishani, "hii gari imekufa ama inapumzika?"



Nikawaambia nakwenda kuangalia nyuma. Nikafuata ule mstari wa oili peke yangu, nikitembea, jua inanichoma, mpaka pale unaanzia. Na bolti ilikuwa hapo, kando ya lami. Nikaiokota. Bado ilikuwa moto. Na kwenye mistari yake kulikuwa na waya nyembamba ya rangi ya fedha imejizungusha, inameta vizuri kabisa… Ilikuwa ile aluminiamu. Thredi za tundu zilikuwa zimetoka zote pamoja na bolti.

Mkono wangu ulikuwa umezing'oa. Ushahidi ulikuwa kwa kiganja changu, unanichoma.

Nikaiweka mfukoni.

Niliporudi, Simiyu alikuwa amekaa chini kando ya gurudumu, tai imelegea. Akaniuliza, "Imetoka?" Nikasema imetoka. "Umeiona?" Nikasema sijaiona. Alafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalisikia. Aliuliza polepole tu, si kwa ubaya: "Nani mwingine aliguza gari?"

Na mimi, huyu bakoki, huyu mtu wa kufa na rafiki yake… nikasema, "Jana si Kiprop alikuwa nayo?"

Maneno matano tu! Na baada ya kuyasema, mnajua nini? Nikaanza kuyaamini! Kweli nawaambia. Hasira ilinipanda kama ni ya ukweli. Nikakumbuka ati Kiprop hakutusalimia vizuri siku fulani. Nikakumbuka ati watu wa kwao hawakutaka dada yao aolewe Bungoma. Mpaka tukipata pikapu ya kukodi, nilikuwa nimemhukumu Kiprop nimemaliza.

Simiyu alikuwa amepiga simu kwa kina Chepkemoi. Na hawa watu walikuwa wazuri! Walisema msijali, njooni hata kama ni jioni, chakula iko, kuchelewa mtapigwa faini ya mzaha tu. Sikizeni hiyo vizuri. Gari haikuharibu ile siku ya mahari. Injini kufa haikuharibu. Tulikuwa tumesamehewa tayari!

Tukafika saa kumi, wazee wa watu wamekaa nyuma ya pikapu na vumbi kwa koti. Kiprop mwenyewe akaja kutufungulia geti. Ananyoosha mkono anisalimie. Anasema, "Poleni sana, bana."

Nikamzaba kofi.

Mbele ya baba yake! Mbele ya wazee wa pande zote mbili, mama zake wamesimama na sahani. Nikapiga kelele ati umelegeza bolti, ati ulitaka kutuua njiani, ati sema ukweli. Kiprop alishika shavu tu akaniangalia. Hakunirudishia. Ingekuwa afadhali angenirudishia.

Baba yake alisimama. Akasema kwa upole kabisa kwamba wageni wakule kama wana njaa, lakini maneno ya mahari leo hayako. Mtoto wake hawezi kupigwa kwa geti lake alafu yeye mwenyewe aketi aongee ng'ombe na waliompiga.

Hakuna aliyekula.

Na Simiyu je? Simiyu alinitetea! Wazee wake walinigombeza njia yote, ye akasema, "Huyu ni bakoki wangu, alipiga kwa sababu yangu." Alinitetea mbele ya watu wote… na bolti ilikuwa mfukoni mwangu, inagonga paja kila pikapu ikipita shimo.

Gari ilivutwa mpaka Bungoma, kwa fundi mmoja karibu na reli ambaye baba mdogo wa Simiyu alimwamini. Nilikataa sana. Nikasema iletwe Tuwan, mimi ndio naijua. Kumbe nilikuwa naogopa. Fundi huyo ni mwanamke, anaitwa Nekesa. Nilimtusi hata kabla sijamwona, ati mwanamke gani wa injini.

Wiki mbili zikapita. Simiyu alikuwa amekonda. Chepkemoi alikuwa amekatazwa kuongea naye. Lakini nilisema huyo msichana ana mdomo, sindio? Alichukua kaka yake Kiprop, wakapanda gari mpaka Bungoma, akampigia Simiyu simu: "Njoo na huyo rafiki yako mwenye mikono ya haraka. Tuulize gari yenyewe."

Tukaenda. Nekesa alikuwa ametoa ile bakuli ya oili na kuiweka juu ya meza. Hakutusalimia kwa maneno mengi. Akamwambia Simiyu aingize kidole kwa tundu. Simiyu akaingiza.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu. Ni laini."

Nekesa akaeleza. Mtu akilegeza bolti, bolti inazunguka inatoka, lakini thredi zinabaki kwa tundu, unazisikia kwa kidole kama kikwaruzo. Hapa thredi hazipo hata moja. Kwa hivyo bolti haikulegezwa. Ilikazwa. Ilikazwa mpaka aluminiamu ikakatika, ikabaki imeshikilia na kipande kidogo, alafu injini ikipata moto na barabara ikitikisa, ikang'oka.

"Na hizo thredi ziko kwa bolti," akasema. "Bolti iko wapi?"



Kiprop aliniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia vile unaangalia mtu anazama.

Nilikuwa naweza kusema ilipotea. Nani angejua? Lakini wiki mbili nilikuwa nalala na hiyo kitu, nabadilisha suruali naihamisha mfuko, kama mtu amerogwa. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe. Nikaiweka mezani. Ile waya ya fedha bado ilikuwa imejizungusha.

Chepkemoi alishika mdomo. Simiyu hakushtuka, hakunitusi, hakunipiga. Natamani angenipiga! Aliniuliza kitu kimoja.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema pale barabarani. Ingekuwa nusu ukweli. Nikasema, "Alhamisi."

Akatingisha kichwa polepole. Akatoka nje, akasimama karibu na reli, mgongo kwetu.

Nilipiga magoti mbele ya Kiprop pale pale kwa oili. Baadaye nikaenda na mjomba wangu mpaka geti yao, nikaomba msamaha mbele ya baba yake, mahali pale pale niliporusha mkono. Mzee alinisamehe. Alisema mtoto akikiri mwenyewe hahitaji kufukuzwa. Na mahari ikaongewa siku nyingine. Bila mimi.

Mimi nilirudi kwa Nekesa. Nilimwambia nilimtusi na sikumjua, nikamweleza yote mpaka ile paipu, anifundishe. Akanipa sharti moja: hiyo paipu yenu ikatwe. Nikaileta, nikaikata mbele yake, vipande vinne.

Injini yenyewe aliitengeneza yeye, alafu akanisimamisha kwa lile tundu langu. Akaniambia wewe ndio uliliua, wewe ndio utaliponya. Nikatoboa tundu likawa pana kidogo, polepole, drili imepakwa grisi ili vumbi ya aluminiamu ishikwe isibaki ndani. Nikachonga thredi mpya. Nikaingiza koili ya chuma, kama springi ndogo, ambayo sasa ndio bolti inashika badala ya aluminiamu laini. Nikaosha bakuli mara tatu. Nikaweka bolti mpya na washa mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia oili isivuje.

Na kufunga? Nilidhani nitapewa spana. Akaniambia vidole kwanza. Izungushe na vidole mpaka ikatae yenyewe. Ikikataa mapema, itoe uanze tena, usilazimishe. Alafu spana fupi, kidogo tu, mpaka usikie washa imekaa. Alafu ile spana ya kipimo, inakwambia "tik" na unaacha. Unaacha! Hata kama roho inataka kuongeza. Nilihisi kama sijafunga kitu. Nikamwambia hii itatoka. Akacheka. Akasema, "Wewe unataka kufunga wasiwasi yako. Funga bolti."

Na usiku nikiwaza, nikagundua kitu kiliniliza. Gari zote nimetengeneza za watu sijui majina yao, nilizozikaza mara moja na kuachilia, ziko barabarani mpaka leo. Ile moja niliyoipenda… ndio niliua.

Nyinyi mafundi wenzangu, na hata nyinyi sio mafundi, nawaomba. Bolti ikiwa imekaa, iache. Wenzako wakiimba "kaza", waimbe, mkono ni wako. Na mkono ukisikia ile ulaini, ile kama ya kukata mkate… simama! Sema saa hiyo hiyo, na uso wako ukiwa na oili, watu wakucheke. Aibu ya gereji inaisha jioni. Usifunike tone na kiatu. Tundu langu lilipona kwa masaa mawili. Ile ingine, ya bakoki wangu, haina koili ya kuingiza.

Simiyu ameoa mwaka huu. Nilialikwa, ndio. Nilikaa nyuma, karibu na wapishi. Kiprop ndiye aliniletea chakula, na akaketi na mimi kidogo. Ile Probox ilikuwa imepambwa na maua mbele, na nilichungulia chini yake kwa mazoea. Kavu kabisa.

Mwishoni bwana harusi alipita akisalimia watu. Alipofika kwangu alinishika mkono vizuri, kwa heshima, akatabasamu.

Akasema, "Fundi, asante kwa kuja."

Fundi.

Haya, wewe wa kuosha vyombo, bado unacheka? Basi jibu mbele ya watu: bolti yako wewe uliificha mfuko gani?